Samaki Waliovuliwa Kesho

Jumatatu, 12 Mei

Tangazo limebandikwa! Profesa Célestin anatafuta msaidizi wa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili programu ya takwimu. Mmoja tu. Wagombea wawili: mimi na Sadrack. Kila mmoja abandike ukutani karatasi ya mashauri ya vitendo. Kisha, wiki ijayo, aonyeshe uchambuzi wake mwenyewe mbele ya watu wote.

Lazima niwe mimi. Tonton Hemedi, mdogo wake papa, baba yangu, amesema nisipopata kazi mwezi huu nitakwenda kukaa kwenye karakana yake ya ushonaji, nyuma ya cherehani ya tatu. Nimesoma miaka mitano! Siwezi kushona hata kifungo. Tonton akasema kifungo si shida, mutu anajifunza.

Sadrack ana programu ile ile, ila yake ina leseni. Hulitamka neno hilo, licence, kama mtu anayetaja jina la mchumba. Tena chati zake zinazunguka. Nimemwambia samaki hazunguki. Hakucheka. Mimi nilicheka, peke yangu, kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Lakini mimi nina takwimu nzuri kuliko zake. Rafiki yangu Simone, ambaye kwao ni wavuvi wa Yanonge, alinijazia hojaji sitini kwa akina mama wanaouza samaki kule. Aliwauliza kwa Lingala na kuandika kila jibu kama lilivyotoka mdomoni. Mimi nataka kujua samaki hukaa siku ngapi tangu kuvuliwa hadi kuuzwa.

Mpango: kubandika mashauri yangu leo leo, ili ya Sadrack yaonekane ya kuiga. Shauri la kwanza, kwa wino mwekundu: "Hifadhi nakala ya takwimu zako za mwanzo, na usiiguse kamwe." Nimelibandika saa nne. Saa tano nimehifadhi faili jipya juu ya lile la mwanzo. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 13 Mei

Tatizo dogo. Simone ameandika uzito wa samaki kama tulivyofundishwa sote shuleni, kwa mkato: 2,5. Programu inataka nukta. Ikiona mkato hudhani ni neno, na neno haliwezi kupigiwa wastani. Nikaiamuru ibadilishe mikato yote kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa karibu kuandika nukta, simu ikalia, nikabonyeza. Mikato yote ikatoweka. Programu ikakubali bila kelele. Nikaona mambo yamenyooka.

Wastani wa uzito: kilo 34!

Wakati wa chakula nikamwambia papa kwamba Yanonge wamevua samaki aina ya kapitene wa kilo mia moja na ishirini na tano. Papa akaacha kutafuna. Tonton Hemedi akauliza nani alimubeba. Nikasema sayansi haishughuliki na kubeba. Akafikiri kidogo, akasema: "Bon. Ule samaki hakukuja na pirogue. Ule alitua Simi-Simi." Papa alicheka hadi akahitaji maji. Uwanja wa ndege wa zamani, na samaki wangu anatua huko badala ya kuja kwa mtumbwi!

Nimerudi kuangalia karatasi. Ilikuwa 12,5.

Nimeandika upya uzito wote, samaki mmoja mmoja, kwa sababu nakala ya mwanzo haipo. Shauri la pili limekwenda ukutani: "Kabla ya yote, mkato uwe nukta." Nimeliandika kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

Jumatano, 14 Mei

Karatasi ya Sadrack imetokea. Kubwa kuliko yangu. Rangi tatu! Shauri lake la kwanza linasema kwamba asiyejibu swali tukimpa tarakimu 99, lazima tuiarifu programu, la sivyo itaihesabu kama jibu la kweli.

Upuuzi. Nani asiyejua?

Nimerudi kwenye kompyuta, kwa sababu nyingine kabisa, nikatazama umri wa wauzaji wangu. Wastani, miaka 43. Nilikuwa nimemwambia Profesa kwamba biashara ya samaki ni ya kina mama watu wazima. Wanane kati yao wana miaka tisini na tisa. Wanane! Wote wanapiga kasia! Nikaiarifu programu. Wastani ukashuka hadi 34.

Kwa hiyo nimeongeza shauri la tatu: asiyejibu apewe 999. Sadrack akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza kwa upole kama hiyo haikuwa ya kwake. Nikamwambia ahesabu vizuri, yangu ina tisa tatu. Akasema, "Ah bon. Donc wewe uliongeza tisa moja, iko recherche?" Wanafunzi wawili wakaucheka utafiti wangu. Nimewakariri sura.

Alipoondoka niliihamisha karatasi yake hadi kwenye mlango wa choo. Nimekosea. Sasa kila mtu anaisoma, na kwa utulivu.

Alhamisi, 15 Mei

Msiba! Profesa amepata safari, maonyesho yamewahishwa. Sébastien, kiongozi wa darasa letu, amepita akigonga milango na kupiga kelele: "Présentation iko lobi! Lobi, saa tatu!" Lobi! Kesho! Na mimi bado sijazipa tarakimu siku za samaki!

Nikakaa. Swali la nne: samaki huyu alivuliwa lini? Swali la tano: utamuuza lini? Programu haijui siku, inajua namba. Nikaamua: jana ni hasi moja, leo ni sifuri, kesho ni moja. Wazi kabisa. Kuangalia majibu: karibu wote wamejibu neno moja, lobi, kwenye swali la nne na la tano pia. Sauti ya Sébastien ilikuwa bado masikioni. Lobi, kesho, moja. Badilisha zote! Sekunde mbili tu. Sadrack angetumia asubuhi nzima.

Simone akapiga simu. Akauliza: "Ramla, ile ma-lobi yote, ulitenganisha?" Nikamwambia lobi ni lobi, nina kazi. Akapiga tena. Akasema anisikilizishe kitu kimoja tu. Nikamjibu kwamba programu haikosei, na kwamba katika maisha ya mtafiti huja saa ya kuwa peke yake. Akasema haya basi, akakata. Ana roho nzuri Simone, ila hana mafunzo ya takwimu.

Nikatoa siku ya kuvuliwa kwenye siku ya kuuzwa. Matokeo: samaki arobaini na tisa wana sifuri. Sifuri! Hawakai hata siku moja! Na kumi na mmoja wana hasi moja. Hapo nilisita kidogo, sikatai. Nikatembea chumbani mara nne. Kisha nikaelewa: hao ni wapya kupita sifuri.

Samaki wa Yanonge ndiye mpya kuliko wote. Nimegundua jambo. Nimemwambia papa atafute suti yake.

Ijumaa, 16 Mei

Nitaandika haraka, nisije nikahisi.

Ukumbi ulijaa. Papa mstari wa mbele, na suti, na tonton Hemedi pembeni yake akiwa na utepe wa sentimita shingoni kama ametoka kumpima mtu. Sadrack alianza. Leseni yake ilikuwa imekwisha asubuhi hiyo hiyo! Programu ikakataa kufunguka mbele ya watu wote. Akaonyesha picha za chati, na picha hazizunguki. Moyo wangu uliimba. Namuomba Mungu anisamehe, ila uliimba sawasawa.

Kisha mimi. Niliongea vizuri. Najua niliongea vizuri. Nikaonyesha sifuri zangu, nikaonyesha hasi zangu, nikatamka "wapya kupita sifuri". Kimya. Nikadhani ni kimya cha heshima.

Profesa Célestin akaomba nirudi kwenye jedwali. Akauliza Simone alikusanya takwimu siku gani. Nikasema Jumanne. Akauliza kama siku hiyo samaki walikuwa ndani ya kikapu, wameonekana kwa macho. Nikasema ndiyo, hata walipimwa uzito. Akavua miwani. "Donc, mademoiselle Ramla, samaki wa Jumanne, yuko ndani ya kikapu, na alivuliwa Jumatano?"

Nikatazama jedwali. Safu nzima ya kuvuliwa: moja, moja, moja. Kesho, kesho, kesho.

Lobi! Kwa Lingala lobi ni kesho, na lobi ni jana! Kila mtoto wa Kisangani anajua hilo kabla ya kuota meno! Wale mama walisema samaki alivuliwa jana na watamuuza kesho, kwa neno lile lile, na mimi niliyezaliwa hapa nikawavulia wote kesho. Na wale kumi na mmoja wa kuuzwa leo niliwauza siku moja kabla hawajatoka majini.

Sauti kutoka nyuma ikasema: "Mama, unipimie kilo mbili ya samaki ya kesho!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwingine akajibu kwamba amekwisha kumula jana. Sadrack alilala juu ya meza. Profesa alikuwa anafuta machozi kwa karatasi ya alama. Papa peke yake alipiga makofi, alidhani nimeshinda.

Jibu ni Jumatatu.

Jumamosi, 17 Mei

Habari imevuka mtaa. Asubuhi jirani yetu mama Safi aliniuliza kupitia juu ya ukuta kama mvua ya kesho ilikuwa kubwa. Nikamwamkia tu.

Tonton Hemedi alikuja kusema kiti iko tayari, nyuma ya cherehani ya tatu, ameweka na kamto ka kukalia. Hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi. Akasema hata yeye alipoanza kazi alishona suruali yenye mikono miwili. Nikamuuliza mteja alifanya nini. Akasema aliivaa, alikuwa na harusi.

Mchana Simone akaja, akaniomba karatasi zote sitini. Nilimngoja aseme nilikuambia. Hakusema. Akakaa, akavuta kompyuta, akasema: "Swali ya ine iko ya nyuma, lobi yake iko jana. Swali ya tano iko ya mbele, lobi yake iko kesho. Basi." Dakika mbili. Samaki arobaini na tisa, siku mbili. Kumi na mmoja, siku moja. Wastani, karibu siku mbili. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza hayo Alhamisi. Akanisogezea simu yangu.

Nimeandika shauri la nne na kwenda kulibandika mwenyewe, mchana kweupe: "Neno moja katika safu mbili laweza kuwa siku mbili. Soma swali kabla ya kugeuza jibu kuwa tarakimu." Chini yake tayari mtu alikuwa amechora samaki aliyevaa saa.

Jumatatu, 19 Mei

Profesa alituita wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Hata kifungo nilijaribu jana, kikatoka na shati.

Akasema mashauri ya Sadrack ni sahihi yote. Sadrack akajinyoosha. Kisha akasema ameuliza wanafunzi wa mwaka wa pili wanakumbuka nini. Kwa Sadrack wamekumbuka rangi. Kwangu wamekumbuka lobi. Tangu Ijumaa, akasema, wanafunzi saba wamerudi kusoma hojaji zao upya, na watatu wamekuta samaki wao wenyewe wa kesho. Mmoja alikuwa amezalisha watoto kabla ya mama zao. "Kazi ni yako, miezi mitatu ya kujaribiwa. Kipindi cha kwanza utafundisha kosa lako, lote, tangu mwanzo."

Nimepata! Mimi! Msaidizi!

Sadrack akanipa mkono. Akasema, "Félicitations, madame Kesho." Nikamwambia asante, na kwamba nikihitaji chati ya kuzunguka nitamwita. Akacheka kweli. Ana meno mazuri, sikuwahi kuyaona. Atashughulikia kompyuta za maabara na leseni zake.

Papa alivaa suti tena, nyumbani, jikoni. Tonton Hemedi akasema kiti atamupa mwingine, lakini kamto nichukue.

Jumatano, 21 Mei

Kipindi changu cha kwanza ni Ijumaa. Wanafunzi sitini. Profesa atakaa nyuma.

Nimefikiri sana. Kufundisha kosa tu ni jambo la huzuni. Afadhali nianze na ushindi: utafiti mdogo, papo hapo, darasani, wanafunzi wajibu, programu ihesabu, matokeo yatokee ukutani. Simone anasema nijaribu kwanza hojaji kwa watu watano. Nimemwambia watano si sampuli. Sadrack anasema niache nafasi, huenda majibu yakaja tofauti na ninavyotaka. Wivu ni kitu kibaya kwa kijana mwenye meno kama yale.

Mimi siachi mambo hadi dakika ya mwisho tena. Umeme ulikuwepo asubuhi nzima, nikautumia. Chati iko tayari, rangi nne. Hitimisho nimelichapa, kurasa mbili, nakala sitini, moja imetiwa fremu kwa ajili ya Profesa. Ni hitimisho zuri sana. Lina nguvu.

Kilichobaki ni kutafuta swali.