Kiko Kipya cha Mzee wa Kikohozi

Kinanda alimwona mteja wake kabla mteja hajajua kuwa ni mteja. Mzee mnene alikuwa kwenye benchi la kinyozi, kiko kipya kinang'aa mdomoni, akikohoa mpaka miwani ikamtoka puani.

Kinanda, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kunyamaza, aliketi kando yake kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Shikamoo mzee. Hicho umekijaza pomoni?"

"Marahaba. Kwani kinajazwaje?"

"Kiko kipya ni mwali, lazima kifundwe. Unajaza theluthi tu, unavuta polepole, mpaka ndani kijenge ukoko mwembamba kama wa sufuria. Kisha unakipumzisha siku nzima. Maji usikionyeshe hata kwa mbali. Mwezi mzima hivyo."

Yote yalikuwa kweli. Kinanda aliyasoma kwenye karatasi iliyofungiwa sabuni, na alijua kuwa uongo, kama chai, hupikwa kwa maji safi.

"Mwezi?" mzee alisema. "Mapafu yangu hayafiki Ijumaa."

"Niachie mimi. Kazi yangu ni kuwafundia wakubwa viko vyao."

Mzee alikubali, ila alitaka rehani: koti alilovaa Kinanda. Kinanda alipima kwa macho akaona kiko kile kina thamani ya makoti kumi. Koti lenyewe lilikuwa la kaka yake, aliyelihitaji Jumamosi kwendea posa. Tena shati la chini lilibaki kola na kifua tu, mgongo ulishaliwa na panya. Akalivua koti mgongo ukiwa ukutani, akapokea kiko, akaaga akirudi kinyumenyume, kwa heshima iliyopita kiasi.

Kwenye duka la tumbaku, mtaa wa pili, alikokwenda kukiuza, mama mwenye duka alikwaruza kiko kwa ukucha. Rangi ikabanduka.

"Kiko halisi ni cha mzizi mgumu, hauungui. Hiki ni ubao wa sanduku uliopakwa vanishi. Ndiyo maana yule babu anakohoa."

"Babu yupi?"

"Mnene, wa miwani. Wewe ni wa nne mwezi huu. Kachukua viatu au koti?"

Kinanda alirudi mbio. Benchi lilikuwa tupu.

"Katoka sasa hivi," kinyozi alisema. "Koti linambana, lakini anasema atalizoea."

Kwa kukosa pa kwenda na mgongo ule, akarudi dukani, akamweleza mama kila kitu, pamoja na somo lote.

"Rudia hayo ya ukoko," mama alisema. Akarudia. "Wateja wangu wanaunguza ndimi, halafu wananitukana mimi. Kesho njoo uwaeleze. Na chukua koti hili la marehemu mume wangu, kaka yako akapose."

Kinanda alitafuta hila iliyojificha hapo. Hakuiona, na hilo lilimtisha zaidi.

Kesho yake alimweleza mteja wa kwanza ukweli mtupu, mwanzo hadi mwisho. Mteja akaamini, akalipa, akashukuru.

Kinanda ilibidi aletewe kiti. Hakuwahi kuona ukweli ukilipwa.