Mje na Kalamu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Tangazo limebandikwa! Muhula mzima wa masomo ndani ya meli. Unasoma, unakula, unalala humo humo, na bandari zinakuja zenyewe. Chuo chetu hapa Mengo kimepewa nafasi moja. Moja tu! Walioteuliwa kwenye mchujo ni wawili: mimi na Akwero, binti wa sajini wa polisi wa ziwani. Akwero anaogelea kama bata. Mimi ziwa nalijua kwa upande wa samaki, tena wa kukaanga.

Fomu nimejaza mbio ili niwe wa kwanza. Palipouliza ninapoishi nimeandika: Kawempe, uliza kwa Wakongo. Inatosha. Aliyeipokea ni Olivia, binti wa msimamizi wa safari, Bwana Kiggundu. Alisoma, akatabasamu. Tabasamu hilo nimeliweka akilini.

Shangazi Nabintu, ninayeishi kwake, ameuliza kwani chuo kimekosa ardhi. Kanisani, kwenye ibada ya jioni, nimekwisha kutangaza kwamba nimechaguliwa, na mchungaji ameshukuru kwa niaba yangu. Hakuna kurudi nyuma.

Na kwa kuwa hapa hakuna asomaye, niseme kweli: naitaka safari hii sana. Mipaka yote niliyovuka nimeivuka nikikimbia. Nataka kuvuka mmoja nikiwa nimealikwa.

Jumanne, 4 Februari

Mazoezi ya kichefuchefu. Nimelaza pipa uani, nikaweka ubao juu, nikasimama. Meli nzuri kabisa! Kwa kitambo. Halafu pipa likashika njia yake na mimi nikatua kwenye maharage ya Mama Bénit, jirani yetu, yakiwa bado sigirini. Amesema mengi. Mengine sikuyaelewa, nashukuru Mungu. Mguu una malengelenge.

Binamu yangu Pitshou ananiambia Akwero amejifungia maktaba, anasoma kijitabu cha sheria za meli. Nami ninacho. Nimekiweka chini ya meza inayoyumba. Maskini Akwero! Kusoma ni kwa mtu asiye na mbinu.

Jumatano, 5 Februari

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Bwana Kiggundu! Huyu mzee huzungumza nami Kiswahili tu, maana anaamini Mkongo akisemeshwa Kiingereza anaumwa. Tatizo ni ulimi wake. Ni Mganda wa kweli, L na R anazigawa kwa mapenzi yake. Safari kwake ni safali. Bahari ni bahali. Meli ni meri.

Ujumbe wenyewe: "Jumamosi asubuhi mje na kalamu. Bira kalamu, hakuna kupita."

Akwero naye ametumiwa. Najua atakuja na peni, masikini ya Mungu! Lakini mimi nimesikiliza tena na tena, nikapiga kofi paja. Anayeita safari safali, karamu ataiitaje? Kalamu! Mzee anataka karamu! Na ana haki. Kuna mgeni anatoka melini kuja kutuona, atampokea kwa maji matupu? Nimecheka peke yangu mpaka Pitshou akachungulia dirishani.

Ijumaa, 7 Februari

Shangazi amefunga duka lake la vitenge sokoni Kikuubo, siku ya Ijumaa, wateja wakiwa mlangoni. Si mchezo. Nimemwambia wakuu wa chuo wote watakula. Aliuliza kama nina hakika, maana hajawahi kusikia mtihani wa kula. Nikamwambia mambo ya elimu aniachie mimi. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Nimefurahi ameiona akili yangu.

Tangu asubuhi ni sombe ya majani ya muhogo, bugali, mbuzi, samaki wa kuchoma. Akina mama wa kanisani wamekuja kusaidia na kuimba. Mama Bénit pia amekuja, lakini ameniweka mbali na sigiri. Kijitabu cha sheria nilitaka kukipitia kidogo, ila meza ilikuwa na mbuzi juu yake.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tumeingia chuoni kwa bodaboda, kila moja na sufuria lake, shangazi mbele akiwa amevaa kitenge cha harusi. Chumba kina meza mbili tu. Kwenye moja, Akwero. Mbele yake peni mbili, zimelala sambamba kama askari wa babake.

Bwana Kiggundu alitazama sufuria. Akaniuliza kalamu iko wapi. Nikafunua kifuniko kwa mikono miwili, nikainama, nikasema hii hapa.

Hata nzi walisubiri.

Halafu Olivia akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akakaa chini. Shangazi hakucheka. Alinitazama tu, akarudisha kifuniko polepole.

Mtihani wa kuandika! Siku nzima tumepika kwa ajili ya mtihani wa kuandika! Na katika msafara mzima hakuna aliyebeba hata penseli. Ikabidi nimwombe Akwero. Alinipa mara moja, jambo lililoniudhi zaidi. Swali la kwanza: king'ora cha meli kikilia, abiria afanye nini? Niliandika: amwombe Mungu, kisha amtafute nahodha. Karatasi ikashika mafuta ya mbuzi, wino ukakataa.

Mgeni wa melini alikula sombe sahani mbili na kuuliza jina langu. Ndiye pekee aliyeelewa lengo.

Jumatatu, 10 Februari

Akwero amepita. Mimi sijapita.

Mchungaji ameambiwa. Jana alishukuru tena, ila kwa kifupi. Shangazi anaongea na mimi kwa kupitia Pitshou, hata tukiwa meza moja. Usiku nimelia kidogo, nikasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Mimi sina kosa. Kosa ni la ulimi wa Kiggundu. Mtu akisema kalamu, amaanishe kalamu au karamu, lakini aamue!

Ijumaa, 14 Februari

Siku kubwa!

Asubuhi Akwero amepiga simu. Eti mwanafunzi wa chuo kingine amejitoa, nafasi ya pili imepatikana, yule mgeni amenitaja. Eti nipokee simu ya Bwana Kiggundu na niache ujanja. Nikakata. Mshindi hatosheki mpaka amcheke aliyeshindwa.

Mchana ukaja ujumbe wa sauti. Nanukuu, pamoja na jina langu kama alivyolitamka: "Uliriki, nitumie mahali yako leo, mbere ya saa kumi. Dereva iko na karatasi za meri. Bira mahali, nitampa mutu mwingine."

Mahali! Mara hii sikukurupuka. Mtu aliyeungua kwa maharage hupuliza hata maji. Nimeketi, nimepima kila neno. Safali, safari. Bahali, bahari. Mahali... MAHARI! Na atampa mtu mwingine! Atampa nani? Olivia! Tabasamu lile la kwenye fomu! Kicheko kile cha mpaka chini! Tena leo ni siku ya wapendanao! Hayo ya dereva na karatasi ni ya kuzungushia tu, mzee mwenye heshima hataji mahari waziwazi.

Meli imeniponyoka, ndiyo, na bado inauma. Lakini baba wa watu ananiomba nimwoe binti yake. Huu nao ni mwaliko.

Nimemwendea Mzee Anselme wa kanisani, amekubali kuongoza wajumbe. Pitshou anatafuta mbuzi. Shangazi amevunja kimya chake kuniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kabisa. Amekaa na kushika kichwa, nadhani ni furaha.

Kijana mmoja wa bodaboda amepita akisema kuna gari la chuo linazunguka Kawempe tangu saa nane, dereva anauliza kwa Wakongo, na kila mlango unamwelekeza kwingine. Watu hawana kazi!

Simu imeita na kuita mpaka saa kumi ilipopita. Ni Kiggundu. Nimeizima. Mambo ya mahari hayazungumzwi kwa simu, hutumwa wazee.

Kesho asubuhi tunakwenda kwake. Na mfukoni nimeweka peni mbili. Mimi si mtu wa kurudia kosa.