Naomba Mume Wangu Ahamishiwe Mwezini

Ndugu Mkurugenzi wa Kituo cha Darubini,

Yahusu: Kumwondoa mume wangu kwenye galaksi aliyopangiwa

Natumaini u mzima na darubini zako hazina vumbi. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mtumishi wako mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nina malalamiko manne, nami nayaandika nikiwa na akili timamu.

1. Umempa galaksi isiyofanya kazi. Mwenyewe amenieleza kuwa ina umbo la yai, nyota zake ni vikongwe, na kuzaa nyota mpya iliacha zamani. Miaka kumi na mmoja anaichungulia. Mimi nikimchelewesha mteja siku mbili tu, ananuna.

2. Iko mbali mno. Nuru yake tunayoiona leo iliondoka huko kabla binadamu hajakuwapo. Tangu ajue hilo, mume wangu haoni haraka ya jambo lolote. Bawaba ya mlango wa jikoni imelegea tangu mwaka juzi. Nikimkumbusha, hunijibu kwa upole kwamba mwaka juzi ni jana tu.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Jumamosi walikuja wazazi wa mchumba wa binti yetu kupanga harusi. Ni watu wapole, na familia yao nzima inaenea kwenye kochi moja. Baba mkwe akatueleza habari za familia hiyo, kisha akauliza yetu ikoje. Mume wangu, mawazo yakiwa kazini, akajibu kwa raha zake kwamba yetu ni kubwa kupindukia, imekaa katikati ya kundi la mamia, na imenenepa kwa kumeza zile ndogo zilizoisogelea.

"Na hizo ndogo hubaki na chochote?" akauliza mama mkwe.

"Hata umbo hazibaki nalo, dada yangu."

Chai ikapoa, wakaaga. Binti yangu hanisemeshi, kana kwamba mimi ndiye niliyemeza mtu.

4. Galaksi yenyewe haijaomba radhi.

Kwa hiyo naomba mume wangu apewe Mwezi. Uko karibu, haujammeza mtu, na mgeni akiuliza anaonyeshwa dirishani. Vilevile uwaandikie wakwe barua yenye muhuri, kuthibitisha kwamba galaksi hiyo si jamaa yetu kwa damu wala kwa ndoa. Ikishindikana, ifungwe hadi harusi ipite.

Nisalimie wote hapo, kuanzia mlinzi wa lango.

Wako katika uvumilivu,
Mke wa Mtumishi Wako

N.B. Barua nimeileta kwa mkono, nikawakuta wakwe ofisini kwa mume wangu. Amewaita, amewaomba radhi, na sasa wanatazama picha ya kundi zima la galaksi. Mama mkwe amesema ukoo wenye watu wengi namna hii haukosi waosha vyombo, basi harusi iendelee. Nami nimegusa kidoa hafifu pembeni mwa lile yai, nikauliza ni nini. Mume wangu amevua miwani, ameivaa tena, akakiri hajawahi kukiona. Tafadhali usimhamishe. Na kidoa hicho asipangiwe mtu mwingine. Naanza Jumatatu.