Mmea Ulionikatalia Nzi Mbele ya Wageni

Leo nimeaibika, tena sebuleni mwangu. Nitatenga niliyoyasikia na niliyoyaona, ingawa leo utaratibu huo umenigeuka.

Niliyoyasikia: mwezi uliopita Kendi, mke wa mwanangu, anayefundisha biolojia Embu, aliniletea mmea mdogo chunguni. Alisema majani yake hutoa matone yanayonata. Nzi akitua hatoki, na mmea humyeyusha na kumfyonza. "Baba, huu ni wa kinamasi, udongo maskini. Maji ya mvua tu. Usiutie mbolea."

Niliyoyafanya mwenyewe: niliutia mbolea. (Ya mbuzi, iliyooza vizuri. Nimelima kahawa hapa Githongo tangu nistaafu ualimu. Sijaona mmea unaokataa mbolea!)

Kisha, Jumapili nje ya kanisa, nikamsimulia jirani yangu M'Ikiara jinsi mmea huo unavyokula nzi, kana kwamba nimeshuhudia. Huyu ndiye ambaye miaka yote nimemnyamazisha kwa swali moja: "Uliona wewe mwenyewe?" Akasema atakuja kuona.

Leo asubuhi amekuja. Na wazee wenzake wa kanisa! Nikawapa chai na mandazi, nikaweka chungu katikati ya meza. Nzi akaja. Akatua juu ya jani. Nikainua kidole: "Sasa tazameni."

Nzi akasugua miguu. Akalizunguka jani lote kama anayekagua shamba, kisha akarukia andazi la M'Ikiara.

"Mwalimu," akasema M'Ikiara taratibu, "kwani hii kitu imeokoka?"

Wazee wakacheka hadi chai ikamwagika. Nikasema huenda nzi huyo si wa aina inayofaa. (Sijui hoja hiyo niliitoa wapi.)

Kendi, aliyekuja jana kututembelea, akatoka jikoni, akagusa majani. Makavu! Akanusa chungu. "Baba, hii ni mbolea?"

Nikatazama dari.

"Mizizi imeungua. Mmea huu hutafuta chakula kwa nzi kwa sababu mizizi yake haiwezi udongo wenye rutuba."

"Kumbe imelishwa mbolea ikashindwa na nzi!" akasema M'Ikiara. Kisha akanigeukia. "Lakini zile nzi ulituambia imekula, uliona wewe mwenyewe?"



"Hapana," nikasema.

Inasemekana habari imeshafika kiwanda cha kahawa, hilo sikulishuhudia. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba nzi yule alikula andazi, akashiba, na akatoka dirishani akiwa mzima.