Nusu ya Goti Langu Haikuapa

Piusi Hhando,
Kijiji cha Rhotia,
Karatu, Wilaya ya Mbulu.
Agosti, 1984.

Kwa Daktari Mkuu,
Hospitali ya Misheni.

Ndugu Daktari,

YAH: KUPEWA GOTI NUSU ILHALI NILILETA GOTI ZIMA

Baada ya salamu, na baada ya kukushukuru kwa uji wa hospitali yako ulionifundisha kupenda uji wa nyumbani, naandika kulalamika. Mimi ni yule mzee wa kitanda cha dirishani, niliyepasuliwa goti la kulia na daktari bingwa mgeni, yule aliyekuja na masanduku ya vyuma kabla ya masika. Huenda wewe umenisahau. Mimi siwezi kuwasahau, maana natembea na mali yenu.

Nilikuja kwenu na baridi yabisi ya miaka mingi. Goti lilikuwa likilia kama bawaba kavu, na kutoka kitandani hadi zizini ilikuwa safari ya kuagana na watu. Bingwa akatazama picha, akasema, na Sista Cresensia akatafsiri, kwamba goti limelika upande wa ndani tu, upande wa nje ni mzima, kwa hiyo atatia chuma nusu na nusu ataniachia. Nikaitikia. Mtu aliyelala chali kwenye gauni lililo wazi mgongoni huitikia lolote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nusu yenyewe. Hali ya nchi naijua. Sukari tunagawiwa nusu kilo, sabuni nusu mche, na juzi mke wangu Blandina alipasuliana doti moja ya khanga na jirani, kila mmoja kipande chake. Hatukunung'unika. Ila sikujua kwamba mgao umeshafika kwenye magoti. Najiuliza nusu ya pili imekwenda wapi. Siku hizi za kuwasaka walanguzi sitaki kumtaja mtu, nasema tu kwamba mwenye duka wetu anatembea vizuri kupita kiasi.

2. Nusu hiyo inafanya kazi. Nilitegemea kurudi nyumbani nikae barazani nihurumiwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nikakipa chuma chenu jembe ili kichoke kiniachie. Hakikuchoka. Kimepalilia mahindi, kikavuna maharage, na sasa hakuna anayeniletea maji ya kuoga. Nikisema goti linauma, Blandina anauliza nusu ipi.

3. Hili ndilo kubwa. Binti yetu Leonida ni muuguzi. Alipangiwa kazi Endulen, kule ndani ya Hifadhi, na huko akaolewa na mfugaji wa Kimasai aitwaye Moloimet. Siku alipokuja kuaga, nilisimama uani mbele ya majirani, nikapiga chini mguu huu huu wa kulia, nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga Endulen. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na sababu za kihistoria: babu yangu alichukuliwa ng'ombe na watu wa upande ule, na mpaka leo hakuna aliyekuja kutueleza jambo la maana.

Goti likanisaidia kutunza kiapo. Leonida alipoandika njoo baba, nilijibu goti. Alipojifungua mtoto wa kike, nilijibu goti. Mtoto anaitwa Naserian. Sasa anakimbia na ndama, sijawahi kumtia machoni, na kwa habari alizoleta bibi yake Blandina alipotoka kuwaona, anauliza kama babu wa Karatu ana mguu mmoja. Niliagiza aambiwe ninayo miwili ila mmoja mgonjwa. Leo mmeuponya, Ndugu Daktari. Niagize nini? Kuwaponya watu bila kuwauliza ugonjwa wao una kazi gani nyumbani si uungwana.

4. Mke wangu amegeuka wakili. Anasema niliapa kwa mguu wangu, na ndani ya mguu huo sasa mna chuma cha Wazungu ambacho siku ile hakikuwepo uani, hakikuapa, wala hakimjui babu yangu. Anasema mguu wa kushoto nao haukutajwa. Kwa hesabu zake kilichoapa ni nusu ya goti moja, na ananiuliza mbele za watu kama nusu goti linaweza kumzuia mtu mzima kumwona mjukuu wake. Nilipeleka shauri kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Aliangalia kovu, akasema jambo hili limemzidi kimo, akaomba ugoro.

5. Mmeniweka njia panda. Mngenitia chuma goti lote, mguu ungekuwa wenu, kiapo kingekufa na mimi ningelaumiwa kidogo tu. Mngeniacha na ugonjwa wangu, kiapo kingeishi nami ningelala. Sasa usiku nusu moja inataka kwenda na nyingine inakataa, na zote ziko ndani ya blanketi moja. Silali.

Kwa hiyo naomba mtimize moja kati ya haya. Ama mmalizie goti, ili mguu unapokanyaga mjibu nyinyi. Ama mtoe chuma chenu mnirudishie baridi yabisi yangu, kama bado mmeitunza. Mkishindwa yote mawili, nitumieni cheti chenye muhuri kusema kwamba nusu goti ni la matumizi ya Rhotia na vijiji jirani, na kwamba haliruhusiwi kuvuka geti la Lodoare kuingia Hifadhi. Hata sababu nawapa. Ndani ya Hifadhi wamekataza kulima, na chuma hiki, kama nilivyoeleza, kimeshalima. Kwa sheria hicho ni jembe.

Nisalimie Sista Cresensia, wauguzi wote, mgonjwa aliyerithi kitanda cha dirishani, na mpishi wa uji, mwambie chumvi bado inapatikana.

Ni mimi, mbia wenu katika goti,
Piusi Hhando.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni ikingoja stempu. Likapita lori la mahindi liendalo Endulen, Blandina akapanda na debe lake la maharage, nami nikapanda kumsindikiza hadi getini tu. Getini hakuna aliyeuliza habari ya jembe. Tulipofika Endulen, nilibaki juu ya lori na kiapo changu. Leonida alisimama mbali. Mtoto akaja peke yake hadi chini ya lori, akainamisha kichwa, kama watoto wa huku wanavyowaamkia wazee ili wawekewe mkono utosini. Mkono wangu haukufika. Aliendelea kuinama. Basi nusu yenu ikatangulia kushuka, na yangu ikafuata, kwa kuwa mgeni haachwi aende peke yake.

Cheti msitume. Naandika haya Naserian amelala juu ya goti la kulia. Limeanza kufa ganzi, sijui ni nusu ipi, na sitaki kulisogeza.