Kitanda cha Saruji Chini ya Daraja

Ndugu Mkurugenzi wa Sanaa wa Jiji,

Pokea heshima zangu na za mke wangu. Sisi ni wazima, ila migongo.

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka nyumba za watu nusu ya jiji hili, na tangu nyumba tuliyopanga ibomolewe kupisha barabara, tunaishi chini ya daraja la barabara hiyo hiyo. Hatukumsumbua mtu. Mwezi uliopita msanii wenu alituomba tusogee kidogo, akajenga pale pale tunapolala chumba kisicho na paa, na ndani yake kitanda, meza, viti na televisheni, vyote vya saruji. Akabandika kibao: "Wasio na Makao". Mafundi walipoondoka tulirudi, tukakuta tumewekewa samani. Tulishukuru. Sasa shukrani zimekwisha, na malalamiko ni haya:

1. Kitanda ni kifupi. Miguu yangu inatokeza hadi kwenye njia ya baiskeli. Shuka la saruji limechongwa mikunjo kwa ustadi mkubwa, na kila mkunjo naufahamu kwa mbavu zangu.

2. Mlango umechorwa tu ukutani, haufunguki, kwa hiyo tunapita upande usio na ukuta. Hilo si neno. Neno ni kwamba wageni wenu nao hupita huko huko bila hodi. Juzi mwalimu alileta darasa zima nikiwa nimeinama natafuta soksi. Akawaambia wanafunzi watazame jinsi mwili wangu unavyobeba uchungu wa jiji. Wakaandika. Mke wangu akawauliza kama kuna aliyeiona soksi, na hilo nalo wakaliandika.

3. Televisheni haionyeshi kitu. Mke wangu ameshaizoea, anasema angalau haina habari mbaya.

4. Mlinzi wenu, tunayemwita Filimbi kwa kuwa hupuliza kwanza na kuuliza baadaye, anatukataza kukalia viti. Mvua ya upepo ikija, huvifunika kwa turubai visilowe. Siku moja tulijisogeza humo, tukashtakiwa kwa kujificha ndani ya sanaa bila kibali.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Msanii alikuja kukagua akatukuta tunakula mezani. Akasikitika. Alitueleza kwa upole kwamba kazi yake inahusu watu wasio na makao, na sisi tukilala mle tunakuwa na makao, hivyo tunamfanya mwongo. Mke wangu aliweka kijiko chini, akamwambia, "Mwanangu, maana unayoitafuta tulikuwa nayo kabla hujaleta saruji." Msanii akaomba ruhusa ya kuyaweka maneno hayo kwenye kibao.

Siku ya pili ikaja amri ya ofisi yako kwamba tuhame kabla ya uzinduzi, ili wageni waheshimiwa wapate kuwatazama wasio na makao bila kuzibwa na sisi.

Ndugu Mkurugenzi, nimelipima jambo hili. Mkitutoa, sanamu itasema kweli, lakini itakuwa inatusema sisi, na kumsema mtu asiyekuwepo ni kusengenya. Tukibaki, itasema uongo mbele ya Meya. Ofisi yako haiwezi kuchagua kati ya umbea na uongo. Kwa hiyo tunaomba muondoe vyote, kibao na vyombo vyake, mturudishie sakafu yetu tupu. Ilikuwa ngumu, lakini haikuwa na watazamaji.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa katibu wako, aliyenipa karatasi hii na kiti cha kukalia nikiandika. Kiti chenyewe kina mto. Ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Ni mimi, mwenye mgongo wangu,
Fundi Rangi,
Chini ya Daraja, mkono wa kushoto ukitokea sokoni.

Nyongeza: Nimerudi na barua hadi darajani, na kabla sijafunga bahasha amepita shemeji yangu, dada wa mke wangu, ambaye analala nyuma ya stendi. Ameviona vyombo vyetu akaingiwa na wivu. Anauliza kama msanii ana nia ya kuonyesha na machungu ya upande ule. Kwa hiyo msibomoe chochote kwanza, asije akakata tamaa. Mwambieni msanii kwamba shemeji anaipenda sanaa kutushinda sisi, hasa yenye vyumba viwili na bafu.