Nilivyowaita Marehemu Kupokea Viwanja

Wenzangu wa chumba cha mashine,

Leo nimefedheheka mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, mama yangu akiwa amekaa mstari wa mbele. Nawaandikia mapema kwa sababu dereva wa lori la kata hana kifua, na kesho anapanda treni kuja huko Dar.

Mnakumbuka nilivyoringa. Nilipopewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikisha kaya za vijiji vipya vya Tabora, nyote mlisema itanichukua miezi. Nikaimaliza kwa wiki mbili. Siri yenyewe ni kwamba sikuanza upya. Nilichukua ile programu ya zamani ya wakulima wa tumbaku, ambamo kila mkulima ana kadi yake ya matundu, nikajiambia: kaya ni nini kama si mkulima aliyeongezewa watu? Nikaongeza nafasi chache, nikabadili kichwa cha habari, basi. (Siku ile nilipita koridoni kama mtu aliyegundua moto.)

Kuna jambo nililirithi bila kulitazama. Programu ya tumbaku ilitaka mwenye kadi awe mwanamume. Nafasi ya kwanza ni "jina la mume", na ikiachwa tupu, mashine inaitema kadi. Mke hana jina mle. Anahesabiwa tu.

Karani wa kata, Bwana Hamisi, alinipigia simu kuuliza. Sauti yake ilikuwa inakuja na kuondoka.

"Dada, huku wapo wanawake hawana waume. Niandike nini?"

"Jaza kila nafasi, Bwana Hamisi. Mashine haipokei nafasi tupu."

"Sawa, lakini nijaze nini?"

"Jina la mume."

"Hata kama huyo mume..."

Laini ikakatika. Sikumpigia tena. (Chai yangu ilikuwa inapoa.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kugawa viwanja katika kijiji kipya, njia ya Kwihara. Mama amehamia hapo mwezi uliopita na vyombo vyake bado vimefungwa kwenye mikeka. Niliomba mwenyewe kuileta orodha. Nikawaambia wakubwa nataka kuona kazi inavyokwenda, lakini ukweli ni kwamba nilitaka mama anione. Nilivaa gauni jipya na viatu vya visigino, nikatembea kwenye matuta ya mihogo kama kuku aliyefungwa mguu.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shija, ni mtu mpole, haongei sana. Alieleza utaratibu: jina litasomwa mara tatu, mwenye jina atakuja kuonyeshwa kigingi chake. Asipoitika, kiwanja anapewa mwingine.

"Safari hii hakuna kupendeleana," akasema. "Orodha imetoka kwenye mashine. Mashine haina ndugu."

Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikaanza kusoma.

Majina ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha nikaita Masanja Kulwa. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikampiga mstari, na kiwanja chake, kilichokuwa karibu na kisima, akapewa bwana mmoja aliyekuja na shoka lake tayari. Nikaita wengine watatu, nao hawakuitika. Nikawapiga mstari. Upande wa wanawake walianza kunong'ona Kinyamwezi, na mimi nikamwinamia Mwenyekiti nikamwambia kwamba watu wa hapa hawajali muda.

Nikaita, "Nkinga Mrisho."

Bibi mmoja mnene akasimama taratibu, mkono kiunoni. Baadaye niliambiwa anaitwa Bibi Nyamizi.

"Huyo ni mume wangu," akasema.

"Shikamoo bibi. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kule tulikotoka. Kaburini."

Wachache wakacheka. Bwana Shija akanigeukia. Nikasema haraka, "Pole bibi. Basi wewe utakuwa umeandikwa chini yake."

"Soma basi."

Nikasoma. Alikuwemo kama tarakimu. Wake: mmoja.

Mtu mwenye akili angekunja karatasi pale pale. Mimi nilidhani nikisoma haraka tutalipita lile tatizo na kulirekebisha ofisini. Nikageuza ukurasa, nikapaza sauti: "Ramadhani Kapalata." Kimya. "Ramadhani Kapalata." Ndipo masikio yangu yakasikia kile ambacho mdomo umesema.

Mama akasimama. Hakuniita mwanangu.

"Zuhura. Baba yako tulimlilia wote. Ulikuja msibani, ukakaa siku saba. Leo unamwita aje kupokea kiwanja?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Na mimi nimeandikwa wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha. Mama hajui kusoma maneno, lakini tarakimu anazijua. Aliiwekea kidole ile moja, kisha akarudi kukaa.

Bwana Shija akauliza nimekwisha kuwapiga mstari wangapi ambao ni marehemu. Sikujua. Nilikuwa nimewaita wazembe, na wajane wao walikuwa wamekaa mbele yangu wakisubiri waambiwe walale wapi. Nikamsimulia ile simu ya Bwana Hamisi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale nyuma, ameshika kofia, na hakusema neno la kunishtaki.

Tukaanza upya kwa daftari la shule. Nilivua viatu, nikakaa chini kwenye mkeka. Swali langu la kwanza likawa, "Mume wako ni nani?" Bibi Nyamizi akaninyang'anya kalamu.

"Acha hayo. Uliza chungu hiki wanakula akina nani. Halafu uliza nani kati yao anajibu wakiitwa."

Nikauliza hivyo, na kaya zikatoka zenyewe. Wapo dada wawili wanaolea watoto wa kaka yao. Yupo bwana mzima na ndevu zake, lakini anayejibu nyumbani kwao ni mama yake, na yeye mwenyewe alikubali. Wake wawili wa mume mmoja wana vyungu viwili, na ni kaya mbili. Ndipo nikaona kosa langu. Kaya si mkulima aliyeongezewa watu. Kaya ni watu, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye anayejibu. Ningeliuliza swali lile kabla ya kutoboa kadi ya kwanza, ningelijua kwa nusu siku.

Wajane karibu wote walirudishiwa viwanja vyao. Mke wa Masanja hakurudishiwa. Yule bwana wa shoka alikuwa amekwisha kusimamisha nguzo, akakataa kuondoka, na Bwana Shija hakutaka ugomvi siku ya kwanza ya kijiji. Mjane yule amepewa kigingi cha mwisho kabisa, nyuma ya vichuguu. Kisima kitakuwa mbali naye maisha yake yote kwa sababu chai yangu ilikuwa inapoa. Nilimfuata kumwomba radhi. Akasema, "Haya," akajitwisha mzigo wake.

Simu ya maandishi niliyowatumia mchana, ile ya kuzuia orodha ya kijiji cha Usinge isichapwe, sababu yake ndiyo hii. Kadi zao zimetobolewa kwa muundo ule ule. Kama imekwisha kuchapwa, ichaneni. Mimi nitakwenda Usinge mwenyewe, na daftari.

Jioni mama alinipikia. Tulipomaliza kunawa mikono ndipo akauliza, "Baba yako mtamtoa lini kwenye hiyo mashine?"

"Nikifika tu, mama. Siku hiyo hiyo."

Akamwaga maji ya kunawia.

"Usimfute kabisa. Mwandike pembeni."

Kwa hiyo programu mpya itakuwa na nafasi ya marehemu, na yeyote kati yenu atakayecheka nitamtobolea kadi yake mle akiwa hai.

Zuhura